Kuzaa Si Kazi: Malezi ya Mvinyo wa Jerez

Mapipa yote ya safu hii yalijazwa wiki moja, kwa mvinyo wa zabibu za aina moja, zilizochumwa kilima kimoja na kukamuliwa kwa mtambo mmoja. Sasa ni majira ya baridi, na msimamizi wa ghala, ambaye wenyeji wa Jerez de la Frontera humwita capataz, anayapitia moja baada ya jingine. Mkononi ana bilauri nyembamba, mfukoni kipande cha chaki. Anachota kidogo, anaipeleka bilauri puani, anatulia. Mara nyingi hata haonji, pua inamtosha. Kisha anainama na kuchora kwenye uso wa pipa. Kwa desturi, mstari mmoja wa mshazari maana yake mvinyo ni mwepesi na safi. Mstari wenye nukta pembeni: mzuri, ila una shaka kidogo. Mistari miwili: mzito, umekosa wepesi. Mitatu: upelekwe ukapikwe spiriti. Na pipa lililoanza kugeuka siki huandikwa herufi mbili tu, ve, likaondolewa upesi lisije likaambukiza wenzake.

Septemba mapipa hayo yalikuwa pacha. Miezi michache baadaye kila moja lina tabia yake, na kazi ya capataz si kuyalazimisha yafanane tena. Kazi yake ni kuitambua tabia hiyo mapema na kuipangia malezi yanayoifaa.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na sijui zao jingine la shamba linaloithibitisha methali hiyo kama mvinyo wa Jerez, ambao dunia imeuzoea kwa jina la sherry. Kuzaliwa kwake hakuna makuu. Zabibu hukamuliwa, maji yake huchachuka, na muda si mrefu umepatikana mvinyo mweupe, mkavu, usio na harufu ya kujivunia. Lakini kanuni zinautaka ukae ghalani angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa, na mwingine hukaa thelathini au zaidi. Ufundi wote umo katika muda huo, na sehemu kubwa ya ufundi wenyewe ni kujizuia: kutofungua dirisha lisilofaa, kutomimina kwa pupa, kutochota zaidi ya kinachoweza kurudishwa. Msomaji asiyegusa kileo hatapungukiwa na kitu hapa, maana tunachokitazama ni kazi ya mikono na subira ya wanaoifanya.

Malezi huanzia shambani. Jerez iko katika mkoa wa Cádiz, kwenye kona ya kusini-magharibi ya Uhispania, karibu na bahari ya Atlantiki. Pamoja na miji ya El Puerto de Santa María na Sanlúcar de Barrameda inafanya pembetatu ambamo karibu historia yote ya mvinyo huu imetendeka. Vilima vya mashamba yake mashuhuri, kama Macharnudo na Balbaina, ni vyeupe. Udongo wake huitwa albariza. Zama za kale ulikuwa sakafu ya bahari, na hadi leo umejaa chokaa na mabaki ya viumbe wa majini wadogo wasioonekana kwa macho. Jua la kiangazi likiupiga, weupe wake huumiza macho ya mpita njia.

Sifa kuu ya udongo huo ni namna unavyotunza maji. Mvua ya Jerez hufikia takriban milimita 600 kwa mwaka, lakini karibu yote hunyesha kati ya Oktoba na Mei. Julai na Agosti mkulima hategemei hata tone. Albariza huifyonza mvua ya baridi na kuishikilia chini sana. Jua likija, uso wa udongo hukauka na kufanya gamba linalozuia unyevu usitoroke, huku mizizi ikiufuata mita kadhaa kwenda chini.

Hata hivyo, mvua kubwa ikiangukia mteremko, maji hukimbia kabla ardhi haijayanywa. Kwa hiyo, mavuno yakishakwisha, wakulima huchimba vishimo vya mstatili katikati ya safu za mizabibu, kimoja baada ya kingine toka juu hadi chini ya kilima, vikitengwa na vituta vifupi. Kazi hiyo huitwa aserpia. Kila kishimo hubaki na maji yake mpaka yazame. Majira ya kuchipua yakifika, vishimo hufukiwa na ardhi husawazishwa kwa ajili ya msimu mpya. Zamani walifanya haya kwa jembe la mkono, safu kwa safu. Siku hizi trekta hufanya, ila shabaha ni ileile, kwamba tone lililoangukia shamba lisitoke shambani.

Upogoaji nao una hekima yake. Mtindo wa Jerez huitwa fimbo na gumba. Shina la mzabibu hugawanywa mikono miwili. Mkono mmoja huachiwa tawi refu lenye macho manane hivi. Hiyo ndiyo fimbo, itakayozaa mwaka huu. Mkono wa pili huachiwa kipande kifupi chenye jicho moja au mawili. Hilo ndilo gumba, ambalo halitegemewi kwa matunda bali kwa kutoa tawi la mwakani. Mwaka unaofuata zamu hugeuka: fimbo iliyozaa hukatwa na upande wake huachiwa gumba, na tawi lililotoka kwenye gumba hurefushwa likawa fimbo. Mkono mmoja unazaa, mwingine unapumzika. Mpogoaji aliyefundishika huangalia pia mahali pa kukatia. Vidonda vyote huviweka upande mmoja wa mkono, ili utomvu upate njia safi upande wa pili. Asiyejua hukata ovyo, na kosa lake halionekani mwaka huo wala unaofuata. Huonekana baadaye sana, mkono mzima unapoanza kukauka.

Zabibu yenyewe ni ya kawaida. Karibu mashamba yote yamepandwa Palomino, aina yenye uchachu mdogo na harufu hafifu. Hadi katikati ya karne ya 20 zilikanyagwa kwa miguu, tena si miguu mitupu. Wakanyagaji walivaa viatu vya ngozi ya ng'ombe vilivyopigiliwa misumari kwenye soli. Kokwa za zabibu zilikwama katikati ya misumari badala ya kupondeka, kwa kuwa kokwa likipondeka hutoa uchungu. Walianza kazi usiku wa manane na kuiacha jua lilipopanda. Leo mitambo hukamua polepole kwa kuiga utaratibu huohuo, na maji ya kwanza, yanayotoka kwa shinikizo dogo, ndiyo yanayotengwa kwa ajili ya mvinyo mwepesi kuliko wote.

Uchachukaji ukishakwisha, mvinyo huwa na kileo cha asilimia 11 hadi 12 hivi. Ndipo chaki ya capataz inapoamua. Uliopata mstari mmoja huongezewa spiriti ya zabibu mpaka ufike asilimia 15. Uliopata mistari miwili hupandishwa hadi 17 au 18. Hata hapo hakuna haraka. Kwa desturi, spiriti haimwagwi ndani ya mvinyo mchanga moja kwa moja, kwa kuwa ukali wake ukiingia ghafla huuvuruga. Huchanganywa kwanza nusu kwa nusu na mvinyo mkongwe, mchanganyiko ukaachwa utulie, kisha ukaongezwa kidogo kidogo.

Kati ya 15 na 17 kuna maisha ya kiumbe mzima. Mapipa ya Jerez huchukua lita 600, lakini ya mvinyo mwepesi hujazwa lita 500 tu, ikibaki juu nafasi ya ngumi mbili. Katika pipa lenye asilimia 15, hamira iliyobaki baada ya sukari kwisha hupanda juu na kujishona, chembe kwa chembe, ikafanya utando mweupe wenye makunyanzi, mzito milimita chache tu. Huu ndio flor, na mahali pengi kwingine mtengenezaji wa mvinyo akiuona hushika kichwa akidhani pipa limeharibika. Jerez huupokea kama mgeni wa heshima. Utando huo hula kileo, hula gliserini, na hutumia oksijeni inayogusa uso wa mvinyo. Nao hutoa asetaldehaidi, ambayo huleta harufu inayotambulisha popote mvinyo uliolelewa hivi, uitwao fino: tufaha lililoiva mno, lozi mbichi, kinyunya kilichoumuka. Kwa sababu hewa haipenyi, mvinyo ulio chini hubaki na rangi ya majani makavu hata baada ya miaka mitano. Kwa sababu gliserini imeliwa, ulimi huukuta mkavu kabisa.

Kileo kikizidi asilimia 17 hivi, utando hauishi. Mvinyo wa mistari miwili, basi, hulelewa na hewa yenyewe. Mwaka baada ya mwaka rangi yake huiva kutoka dhahabu hadi kahawia, na harufu yake huelekea jozi, ngozi na tumbaku. Huyo ni oloroso. Fino na oloroso ni ndugu wa shamba moja na mavuno mamoja. Kilichowatenga ni uamuzi wa mtu mwenye chaki na kipimo kidogo cha spiriti.

Utando ni kiumbe hai, na kiumbe hai lazima ale. Ukiachwa juu ya mvinyo uleule mwaka nenda mwaka rudi, chakula huisha nao hufa. Hapo ndipo watu wa eneo hili walipoonyesha akili yao kubwa, kwa kubuni utaratibu wa solera.

Mapipa hupangwa kwa madaraja. Daraja la chini kabisa, linalokaa karibu na sakafu, ndilo solera, lenye mvinyo mkongwe kuliko wote. Daraja la juu yake lina mvinyo mchanga kidogo, la tatu mchanga zaidi, na kuendelea hadi la mwisho, linalopokea mvinyo mpya. Unaokwenda chupani hutoka kwenye solera peke yake, na si zaidi ya theluthi ya kilichomo kwa mwaka. Pengo hilo hujazwa kutoka daraja la pili. La pili hujazwa kutoka la tatu. Hivyo hivyo mpaka juu. Mvinyo mchanga ukishuka huleta chakula kipya kwa utando. Mkongwe unaoupokea huutia tabia ya nyumba ile. Pipa halimalizwi kamwe, wala halibaki vilevile.

Ukitazama kazi hiyo inavyofanywa kwa njia ya zamani, utaelewa kwa nini haiwezi kuharakishwa. Wafanyakazi huanza kwa kunyonya mvinyo kutoka mapipa yote ya daraja moja, kiasi sawa kwa kila pipa, na kuukusanya pamoja ili tofauti za mapipa zisawazike. Kisha huugawa kwenye daraja la chini kwa majagi. Jagi halimiminwi moja kwa moja kwenye tundu la pipa. Kwanza huwekwa faneli yenye umbo la mtumbwi. Faneli hiyo huungana na bomba refu la chuma, lililozibwa mwishoni na kutobolewa matundu madogo ubavuni, ambalo limeshushwa kwa uangalifu kupitia utando hadi katikati ya pipa. Mvinyo mpya huchuruzika kwa ubavu, ukijichanganya taratibu na ule wa zamani. Juu, utando haupasuki. Chini, mashapo ya hamira iliyokufa hayatibuki. Mikono ya mtu anayemimina haitikisiki, na jagi hufuatwa na jagi kwa mwendo uleule asubuhi nzima.

Hesabu ya solera inavutia kuifanya. Tuchukue pipa la lita 500, na tuseme kila mwaka huchotwa theluthi kamili. Baada ya miaka 10, katika mvinyo ule wa mwanzo zitakuwa zimebaki lita zipatazo 9. Baada ya miaka 30 ni mililita mbili na nusu hivi, nusu ya kijiko cha chai. Lakini kihesabu hazifiki sifuri. Ndiyo maana chupa ya fino haina mwaka wa mavuno: ndani yake imo miaka mingi kwa pamoja, na kinachoweza kutajwa kwa haki ni wastani wa umri. Ndiyo maana pia mnywaji wa leo na mnywaji wa miaka kumi ijayo watakuta ladha ileile, hata kama mavuno ya mwaka mmoja yaliharibiwa na joto na ya mwaka mwingine na mvua.

Utaratibu huu si wa kale kama watu wanavyodhani. Mvinyo ulitengenezwa hapa tangu enzi za Wafoinike, ukaendelea chini ya Warumi, na haukukatika hata katika zaidi ya karne tano za utawala wa Waislamu, waliouita mji huu Sherish. Yasimuliwa kwamba mwaka 966 Khalifa al-Hakam II wa Córdoba aliamuru mizabibu ing'olewe, wenyeji wakajitetea kwamba zabibu kavu zililisha askari wake, na sehemu kubwa ya mashamba ikasalimika. Alfonso X aliutwaa mji mwaka 1264. Mwaka 1587 Francis Drake alivamia Cádiz na kuondoka na maelfu ya mapipa, na London ikaonja. Lakini mvinyo wa siku hizo uliuzwa mchanga, mwaka baada ya mwaka. Chama cha wakulima wa mvinyo, kilichopewa kanuni zake mwaka 1733, kiliwabana wafanyabiashara wasirundike akiba ghalani. Kilipovunjwa mwaka 1834, milango ikafunguka. Wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Uingereza, Ayalandi na Ufaransa, kama akina Osborne, Garvey na Domecq, wakajenga maghala makubwa na kuyajaza madaraja ya mapipa. Solera ilitaka mtaji wa kukaa bila kuguswa kwa miaka, nao walikuwa nao.

Maghala hayo, bodega, yanastahili kutazamwa kama vyombo vya kazi. Kuta zake ni nene, paa lake liko juu sana, na nguzo zake zimepangwa kwa safu ndefu hivi kwamba wageni huyafananisha na makanisa makuu. Urefu ule si wa fahari. Hewa ya moto hupanda, na inapopanda huyaacha mapipa chini yakiwa katika ubaridi. Madirisha ni madogo na yako juu, yamefunikwa mikeka ya nyasi za esparto inayopitisha upepo na kuzuia jua. Jengo huelekezwa liupokee upepo wa magharibi, Poniente, unaokuja na unyevu wa Atlantiki, na kuukinga ule wa mashariki, Levante, unaofika mkavu na wa moto. Sakafu ni mchanga wa manjano uitwao albero. Kiangazi humwagiwa maji mara kadhaa kwa wiki, yakifuka polepole hewa inapoa na unyevu unaongezeka. Hakuna anayefagia utando wa buibui pembeni, maana buibui hula wadudu wanaotoboa mbao. Katika ghala moja la kampuni ya González Byass wafanyakazi huwawekea panya bilauri ya mvinyo mtamu sakafuni, na kingazi cha kupandia.

Sanlúcar, iliyopo mdomoni mwa mto Guadalquivir, ina unyevu mwingi zaidi na joto la wastani zaidi kuliko Jerez, ambayo iko bara zaidi. Jerez, utando hunenepa majira ya kuchipua na ya vuli, ukakonda kiangazi na baridi. Sanlúcar hubaki mnene karibu mwaka mzima. Mvinyo wake, manzanilla, huhamishwa mara nyingi zaidi na kupitishwa madaraja mengi zaidi, kwa kuwa utando wenye afya una njaa. Zabibu ni ileile, udongo uleule, na umbali ni mwendo mfupi wa gari. Anayejua akipewa bilauri mbili hatazichanganya.

Mapipa yenyewe ni ya mwaloni wa Amerika, mbao zilizozoeleka tangu meli za Cádiz na Seville ziliposhika njia ya ng'ambo ile. Fundi wa mapipa huzipinda mbao kwa moto na maji, huzibana kwa pete za chuma, na katikati ya mbao za kifuniko hupachika jani kavu la mmea wa majini liwe kizibo, bila gundi wala msumari. Kwingine duniani mtengenezaji wa mvinyo hununua pipa jipya ili mbao ziutie mvinyo ladha. Jerez pipa jipya ni tatizo. Kinachotakiwa ni pipa lililokwisha kutoa ladha yake yote, linalopitisha hewa kidogo na kukaa kimya. Pipa la solera lenye umri wa miaka mia hurekebishwa, hubadilishwa ubao mmoja mmoja, wala haliuzwi. Yanayouzwa, kwa watengenezaji wa wiski wa Scotland, kwa kawaida ni yale yaliyoandaliwa makusudi kwa kuwekewa mvinyo mwaka mmoja au miwili.

Kifaa kinachonivutia kuliko vyote ni venencia, cha kuchotea. Ni kikombe chembamba cha chuma au fedha, kirefu kama kidole, kwenye ncha ya ufito unaonesanesa, ambao zamani ulikuwa wa mfupa laini wa kinywa cha nyangumi na sasa ni wa plastiki. Wembamba wa kikombe una maana: kinashuka kwenye utando kwa pigo moja la wima, kinatoboa tundu dogo, kinachota chini yake na kutoka, na tundu hujifunga. Kisha mwenye kifaa huinua mkono juu ya kichwa na kuumimina mvinyo kwa uzi mwembamba hadi kwenye bilauri aliyoishika usawa wa kiuno, ili upate hewa na harufu ifunguke. Watalii hupiga picha sehemu hiyo ya pili. Ufundi uko katika ya kwanza.

Yapo pia malezi yanayobadilika njiani. Fino ikikaa muda mrefu bila kuongezewa mvinyo mchanga, utando hukonda na kufa, na hewa huchukua zamu. Kwa hiari ya capataz huongezewa spiriti kidogo na kuingia maisha ya pili, ikaitwa amontillado, yenye ukavu wa ujana wake na kina cha uzee. Mara chache hutokea pipa lililochorwa mstari wa fino kuonyesha mwili mzito usiotarajiwa. Capataz hurudi na chaki, akaukata mstari ule kwa mwingine wa mlalo: palo cortado. Na kwa mvinyo mtamu, zabibu za Pedro Ximénez huanikwa juani kwenye mikeka mpaka zikunjamane, zikatoa maji machache, mazito, ambayo baada ya miaka huwa meusi na hushuka kwenye bilauri kwa uvivu.

Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Jerez imeonja ukweli huo zaidi ya mara moja. Karne ya 19 Uingereza ilipoutaka mvinyo huu kuliko uliokuwepo, zilizuka bidhaa duni na za kuigiza, sifa ikachafuka. Mwaka 1894 mdudu filoksera akaingia mashambani, ikabidi mizabibu ipandwe upya kwa kubebeshwa kwenye mashina ya Amerika. Baada ya Vita Kuu ya Pili hadithi ikajirudia. Oda ziliongezeka, kampuni ya Rumasa ikanunua nyumba nyingi za mvinyo na kushindana kwa bei ya chini, mashamba yakatanuka kupita hekta 20,000. Februari 1983 serikali ya Uhispania iliitaifisha Rumasa. Soko lilikuwa limejaa chupa rahisi, tamu, zisizo na historia, na vijana wa London na Amsterdam waliuona mvinyo huu kuwa kinywaji cha bibi zao. Mizabibu ikang'olewa. Leo zimebaki hekta zipatazo 7,000.

Solera yenyewe ingeweza kuwaonya. Unaweza kuchota nusu badala ya theluthi, na mwaka wa kwanza mnywaji asitambue. Mwaka wa pili akahisi kitu. Ukiendelea, mvinyo mchanga umeshuka hadi chini kabla ya wakati wake, na kuurudisha mkongwe hakuna njia ila kuacha kuuza na kungoja. Ulafi wa mwaka mmoja hulipwa kwa subira ya kumi.

Waliobaki waliisoma hesabu hiyo. Tangu mwaka 2000 upo utaratibu wa kuthibitisha mvinyo wenye wastani wa umri wa miaka 20 na wa miaka 30, na nyumba inayotaka hati hiyo hubanwa kuhusu kiasi inachoruhusiwa kutoa. Tangu 2005 wachaguzi wa Equipo Navazos wamekuwa wakipekua maghala, wakatoa chupa kutoka mapipa machache bora yaliyokuwa yamesahauliwa. Nyumba kubwa nazo zimeanza kuuza fino isiyochujwa sana, iliyo karibu na ile anayoinusa capataz pipani. Na majina ya vilima yamerudi kwenye karatasi za chupa, wanunuzi wakakumbushwa kwamba mvinyo huu una shamba.

Malezi hukoma chupani. Humo hamna utando wa kuukinga mvinyo, na fino iliyolindwa dhidi ya hewa kwa miaka mitano hupoteza uchangamfu wake siku chache baada ya kizibo kutoka. Oloroso, iliyokulia hewani tangu mwanzo, huvumilia wiki nyingi ikiwa imefunguliwa. Watu wa Sanlúcar wanalijua hilo, ndiyo maana huagiza nusu chupa, baridi, wakaimaliza palepale mezani pamoja na kamba wa pwani yao. Mgeni anayeinunua manzanilla na kuihifadhi kabatini miaka mitatu akingojea sherehe anadhani anaienzi. Capataz amekwisha kuingoja kwa niaba yake.